Nilimwombea mgonjwa kwa jina la Yesu, sasa natakiwa kujieleza

SWALI

Shikamoo Mama. Naandika nimetoka zamu ya usiku na usingizi haupatikani, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kimoja wilayani Kondoa. Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili. Kwetu ni Mvumi. Baba yangu ni mwinjilisti mstaafu wa Anglikana, na nyumbani hakuna jambo lililoanza bila maombi. Hata mbegu ya uwele aliiombea kwanza ndipo iende shambani. Mimi niliokoka nikiwa chuoni Dodoma mjini, nikamwahidi Mungu kwamba popote nitakapopangiwa kazi watu watajua mimi ni wa nani. Nikapangiwa huku, ambako wagonjwa wengi ninaowahudumia ni Waislamu. Tumeishi vizuri. Idi nakula pilau kwao, Krismasi wanakuja kwangu.

Nina kawaida ya kuwaombea wagonjwa, na sijifichi. Wapo wanaoniulizia wenyewe, "yule nesi wa maombi yuko zamu?", na wapo waliorudi baada ya kupona kunishukuru.

Usiku mmoja aliletwa mama wa mimba ya nne, damu inamtoka, kondo limetangulia. Daktari akasema oparesheni, tena haraka. Tulikuwa tunamsubiri mtaalamu wa usingizi afike. Nikamsomea yule mama fomu ya ridhaa, nikamweleza, akaweka dole gumba. Wino ulikuwa haujakauka kidoleni nilipomwona anatetemeka. Nikamwekea mkono kwenye paji la uso, nikaomba kwa sauti, kwa jina la Yesu, nikaikemea roho ya mauti imwachie. Yeye aligeuza uso ukutani, midomo inachezacheza. Nikajua anaitikia. Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni na beseni la kanga.

Mungu ni mwema, mama alitoka salama na mtoto wa kiume akalia.

Walipokwisha kuruhusiwa, mume wake alikuja kwa mganga mfawidhi pamoja na mzee mmoja. Hakufoka. Alisema anashukuru kwa huduma, lakini mkewe amekuwa akishtuka usiku. Aliambiwa ana roho ya mauti, na alidhani asipolikubali jina lile hataingizwa chumba cha upasuaji. Pale ukutani, alisema, alikuwa anatamka shahada kwa sababu alijua ndiyo anakufa.

Mfawidhi ameniambia, "Mimi sitaki hili lifike halmashauri. Niandikie maelezo, niyapate Jumatatu."

Mume wangu anasema nikanushe. Niandike kwamba nilikuwa namtuliza tu, na kuanzia sasa dini niiache getini kwa mlinzi, nile mshahara wangu. Kikundi changu cha maombi kinasema kinyume chake kabisa. Niliwaeleza ili waniombee, na kiongozi akaiweka habari yote kwenye kundi la WhatsApp, na jina la kijiji cha yule mama limo: "Dada yetu anateswa kwa ajili ya Jina." Watu wanafunga. Mmoja amependekeza jambo hili lisemwe kwenye mkutano wa injili unaokuja, kwa kipaza sauti. Wananikumbusha kwamba Yesu alisema atakayemkana mbele ya watu, naye atamkana mbele za Baba. Nikifikiria kuandika neno "samahani", moyo unaniambia ndiko kumkana kwenyewe.

Kilichonimaliza zaidi ni mwenzangu wa zamu, Mwislamu, ambaye chai ya usiku tunakunywa kwenye chupa moja. Aliniuliza, bila hasira, "Ingekuwa wewe umelala pale, mimi nikakushika kichwa nikakusomea Kurani, ungejisikiaje?" Nilinyamaza. Akaongeza, "Na miaka yote hii hujawahi kunieleza mimi unaamini nini. Unaombea tu watu waliolala."

Niandike nini, Mama? Na je, nikiacha kuomba kwa sauti, nitakuwa nimemwonea haya Kristo?

Muuguzi, Kondoa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku huo na kwa huu wa leo. Kabla ya yote, mwanamke aliyeletwa akivuja damu amerudi kwake akiwa hai na mtoto mgongoni. Katika barua yako umelipita jambo hilo kwa mstari mmoja. Mimi sitaki kulipita. Uliona haraka, ulimwandaa haraka, hukumwacha peke yake na hofu yake. Lolote tutakalosema hapa chini, hilo lilifanyika, na lilifanywa na mikono yako pamoja na ya wenzako.

Umeniuliza kuhusu barua ya Jumatatu, lakini ninavyokusoma, barua si mzigo wako mkubwa. Mzigo ni ule wa kudhani kwamba njia ni mbili tu, ya mumeo na ya kikundi chako: ama uikane imani uokoe kazi, ama uitetee imani uwe tayari kuipoteza kazi. Ukiwa umebanwa hivyo, kila neno la pole kwa yule mama litaonekana kama usaliti. Naomba tulitazame hilo taratibu.

Sura ya 10 ya Mathayo, ambayo kikundi kinakukumbusha, inasema na watu wanaopelekwa mbele ya maliwali na wafalme. Ni watu wasio na nguvu, wanaosimamishwa mbele ya wenye nguvu. Sasa rudi kwenye chumba kile. Nani alikuwa na nguvu? Wewe ulikuwa umesimama, umevaa sare, umeshika fomu, na mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa nyuma yako. Yeye alikuwa amelala chali, anavuja damu, na uhai wake umo mikononi mwenu. Sisemi ulikusudia kumbana. Barua yako inaonyesha ulimhurumia. Nauliza tu kama yeye, pale alipolala, angeweza kukwambia hapana. Mumewe amejibu kwamba hakuona kama angeweza.

Na ile midomo. Uliiona ikichezacheza ukajua anaitikia. Kumbe naye alikuwa katika sala yake, ya mtu anayejiandaa kufa. Kama nyote wawili mlikuwa mnamlilia Mungu kwa wakati mmoja, nani kati yenu alihitaji zaidi nafasi ya kusikika? Sina haraka ya jibu lako. Ila nimeona kwamba ulituandikia maneno ya mumewe kuhusu shahada kisha ukahamia moja kwa moja kwa mfawidhi, bila kusema ulipoyasikia yalikufanyaje. Naomba urudi hapo ukae kidogo.

Kitu kingine kidogo ambacho naona kina uzito: kuikemea roho ya mauti. Kwenye vikundi vyetu vya maombi tumezoea, na wote tunajua maana yake. Mgonjwa asiyeyajua mazingira hayo akisikia nesi anataja mauti juu ya kichwa chake, anasikia taarifa ya kitabibu. Atajiuliza umeona nini kwenye kipimo ambacho daktari hakumwambia. Hata bibi yako wa Mvumi, Mkristo wa siku zote, angeweza kushtuka.

Sasa usije ukafikiri nimehamia upande wa mumeo. Namwelewa, anaogopa kwa ajili ya watoto. Lakini ushauri wake una mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza, kukanusha ni uongo, na mama mkwe alikuwa mlangoni akisikia. Ukikanusha utakuwa umemfanya yule mzazi mwongo mbele ya kijiji chake. La pili, hilo la kuacha dini getini. Hakuna aliyekuagiza hivyo, wala nchi hii haiishi hivyo. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 3, inasema Jamhuri haina dini, lakini Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu na kutangaza imani yake. Hapo Dodoma Bunge linafungua vikao kwa dua. Wimbo wa taifa wenyewe ni maombi. Viongozi wanaapa wameshika Biblia au Kurani, mbele ya kamera, na hakuna anayeona ajabu. Mkristo wa Tanzania hajaambiwa amfiche Kristo. Ila Ibara hiyo hiyo ya 19 inamlinda na yule mama, na Ibara ya 30 inakumbusha kwamba haki ya mmoja isitumike kuingilia ya mwingine. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi nazo zinamtaka muuguzi aheshimu imani ya mgonjwa na familia yake. Vyote hivyo ni vyako na vyake kwa pamoja.

Wapo wauguzi wengine waliopita hapo ulipo. Uingereza, Desemba 2008, muuguzi Caroline Petrie alisimamishwa kazi kwa kumwuliza mgonjwa kama angependa aombewe. Mgonjwa alikataa, na Petrie hakuendelea. Februari 2009 alirudishwa kazini. Mwingine, Sarah Kuteh, alikuwa anawahoji wagonjwa wanaojiandaa kwa upasuaji, akawa anaingiza mazungumzo ya dini ambayo baadhi yao walilalamika hawakuyataka. Alionywa, malalamiko yakaendelea, akafukuzwa mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikamkatalia. Sheria zao si zetu, na yapo niyaonayo kwamba Waingereza wamekaza mno. Lakini tazama tofauti ya wanawake hao wawili, wote waumini wa kweli. Mmoja aliuliza kwanza. Nawe ulijua kuuliza usiku ule, maana ulimsomea mama fomu ya ridhaa na kumweleza kabla hajaweka dole gumba. Kisu cha daktari kiliombewa ruhusa. Je, maombi yako yangepungukiwa nini kama nayo yangeombewa?

Huenda utaniambia: angekataa. Ndiyo, angeweza. Hapo ndipo namkumbuka Nehemia. Mfalme alipomwuliza haja yake, aliomba kwa Mungu wa mbinguni papo hapo, kisha akamjibu mfalme. Hatuambiwi kwamba mfalme alisikia neno lolote la maombi yale. Danieli naye alifungua madirisha yake na kuomba akijua anatazamwa, na hilo nalo ni imani ya hadharani, tena ya gharama kubwa. Lakini yalikuwa madirisha ya nyumba yake. Biblia ina nafasi ya wote wawili, na siku nyingine Mkristo huyo huyo anatakiwa awe Nehemia asubuhi na Danieli jioni. Siwezi kukuamulia lini uwe yupi. Ila sidhani kwamba maombi ya kimya juu ya yule mama yangekuwa ya mtu anayemwonea haya Kristo.

Kuhusu kuuliza kwenyewe, nako kuna mtego. Mgonjwa anaweza kukubali kwa kuogopa kumwudhi nesi. Wauguzi wengine Wakristo huamua kungoja mpaka waombwe, na wewe tayari unao wanaokuulizia kwa jina. Wengine huuliza kwa namna inayoacha mlango wazi: "Mama, kuna sala yako ungependa tukupe nafasi uisali, au ungependa nikuombee, au tukae tu kimya?" Utaona mwenyewe kipi dhamiri yako inakibeba.

Sasa WhatsApp. Hapa nitasema kwa uzito kidogo, kwa sababu naona hatari ambayo wewe hujaitaja. Habari za mgonjwa, pamoja na kijiji chake, ziko kwenye simu za watu. Kijijini nani asiyejua ni nani aliyejifungua kwa oparesheni wiki ile? Siri ya mgonjwa ni kiapo chako, na jambo hili laweza kukuletea matatizo makubwa kuliko maombi yenyewe. Mwombe kiongozi aifute leo, na awaombe wote wafute. Mweleze kwa upole, maana alitaka kukusaidia. Na hilo la kipaza sauti, tafadhali lizuie kwa nguvu zako zote. Oktoba 2012 kule Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani uliishia kwa makanisa kuvamiwa na kuchomwa. Kondoa si Mbagala, na watu wako mnakula pilau pamoja. Lakini jina la mwanamke aliyetoka uzazi likitajwa mkutanoni, wanaume wa kwao watajisikia wanatakiwa kujibu, na watajibu kwenye viwanja vyao, na wewe na yeye hamtaulizwa tena mnataka nini. Yule mume alikuja na mzee mmoja, akaanza kwa kushukuru. Mtu anayekuja hivyo ameacha nafasi kubwa ya amani. Kumwita mtesaji ni kumdhulumu.

Maelezo yako, basi. Unaweza kukanusha, na nimekwambia ninavyoogopa. Unaweza kuandika utetezi mkali wa haki zako; baadhi ya hoja zako zitakuwa sahihi, ila mfawidhi aliyesema hataki hili lifike halmashauri atalazimika kulifikisha. Unaweza pia kuandika kilichotokea kama ulivyoniandikia mimi, kisha ukasema umeumia kusikia kwamba ulimwogofya mtu uliyetaka kumtuliza. Hapo sioni mahali unapomkana Yesu. Kumwambia mtu "samahani kwa hofu niliyokuongezea" ni tofauti na kusema "samahani kwa kuwa naamini." Lakini njia hii nayo ina hatari: maandishi yanabaki kwenye faili, na mfawidhi mwingine akija anaweza kuyasoma kwa jicho jingine. Kwa hiyo kabla hujayapeleka, mwonyeshe mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au wa Chama cha Wauguzi hapo wilayani, na zisome kanuni za maadili ya utumishi, usisimuliwe.

Huenda pia umewaza kuhama, uende hospitali ya kanisa kama ile ya Mvumi kwenu, ambako sala ni sehemu ya siku. Si wazo baya. Ila hata kule utakutana na mgonjwa Mwislamu, Mkatoliki, na asiye na dini yoyote, naye atakuwa amelala na wewe umesimama. Na sijui kama yule anayekuulizia, "nesi wa maombi yuko zamu?", angefurahi.

Kwenda kumwona mzazi ni desturi yetu na najua utatamani. Ngoja kwanza. Kabla suala halijaisha, ukienda na sabuni na khanga itaonekana unamshawishi aondoe malalamiko. Mwulize mfawidhi, na mkiona inafaa, apite kwanza mtu mzima wa pande zote mbili kuuliza kama yule mama anataka kukuona. Akikataa, mwache na uhuru wake.

Nimemweka mwenzako wa chai mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyenigusa zaidi katika barua yote. Petro aliwaandikia waamini wawe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yao, kwa upole na kwa hofu. Mwanangu, umeulizwa! Anakufahamu, hakuogopi, anaweza kukubishia na kuinuka akaondoka, na bado amekaa anangoja umweleze. Sidhani anataka mhadhara, ule wa kurushiana aya huku watu wanashangilia. Mweleze habari za baba yako na mbegu za uwele. Mweleze ilikuwaje Dodoma siku uliyookoka, na kwa nini unaamini Yesu husikia. Kisha nawe mwulize shahada ina maana gani kwa mtu anayedhani anakufa, na umsikilize mpaka amalize. Atakuwa na maswali magumu. Yale usiyoyaweza mwambie utamwuliza baba.

Lakini anza na swali lake la kwanza, la kushikwa kichwa na kusomewa Kurani. Mjibu kwa kweli, kabla ya Jumatatu, kwa sababu utakachomwambia yeye ndicho utakachokihitaji katika aya ya mwisho ya maelezo yako.